Jinsi ya kunasua magari na vibanda katika ziwa la barafu

Kila majira ya baridi, maelfu ya wavuvi katika jimbo la Minnesota, Marekani, huendesha magari yao hadi katikati ya maziwa yaliyoganda. Huko hutoboa barafu kwa keekee na kuvua samaki wakiwa ndani ya vibanda. Mille Lacs, Upper Red Lake na Lake of the Woods, lililo kwenye mpaka na Kanada, ni miongoni mwa maziwa yanayosifika kwa uvuvi huo.

Hata hivyo, barafu inaweza kuwa nene na bado gari likanasa. Barafu huelea juu ya maji. Theluji nyingi ikirundikana juu yake, uzito huo huididimiza, nayo maji hupanda kupitia nyufa na matundu ya wavuvi. Yakichanganyika na theluji, hufanya rojo zito mfano wa uji. Theluji ya juu hulifunika rojo hilo kama blanketi, hivyo haligandi upesi hata baridi iwe kali.

Dereva aliyekwama anashauriwa kuacha kukanyaga mafuta, kwani magurudumu yanayozunguka mahali pamoja hujichimbia shimo. Jambo la kwanza ni usalama wa watu. Iwapo barafu inapasuka au maji yanazidi kupanda, abiria washuke mara moja na kurudi ufuoni kwa njia waliyojia, wakiachana nafasi, kisha waombe msaada.

Barafu ikiwa imara, rojo huondolewa kwa sepetu mbele na nyuma ya magurudumu, kisha mbao huwekwa chini yake. Kutoboa tundu ili maji yatoroke kunaweza kuleta madhara: ikiwa barafu imedidimia chini ya kimo cha maji, tundu jipya huongeza mafuriko. Gari la kuvuta lisimame mbali, kwenye barafu iliyopimwa, na litumie kamba ndefu ili uzito wa magari mawili usilemee sehemu moja. Watu nao wakae mbali na kamba hiyo, kwani ikikatika huweza kuua.

Mbinu nyingine ni subira. Theluji ikiondolewa au kushindiliwa kandokando ya chombo na kwenye njia ya kutokea, baridi ya usiku hupata nafasi ya kuligandisha rojo, na asubuhi njia huweza kuwa imara zaidi.

Kwa vibanda, kinga ndiyo bora. Huinuliwa juu ya vipande vya mbao tangu mwanzo ili visigandamane na barafu. Kilichokwisha kuganda hakifai kuvutwa kwa nguvu, kwa maana kiunzi huvunjika. Barafu huchongwa kwa mtaimbo kuzunguka sakafu, kisha kibanda huinuliwa kwa jeki iliyowekwa juu ya ubao mpana, kona moja baada ya nyingine.

Kuchelewa kuna gharama. Sheria za Minnesota huweka siku ya mwisho ya kuondoa vibanda mwezi Machi: Jumatatu ya kwanza kwa sehemu kubwa ya jimbo na Jumatatu ya tatu kwa eneo la kaskazini. Mwenye kukaidi huweza kushtakiwa, na kibanda chake kutwaliwa au kuharibiwa.

Idara ya maliasili ya jimbo hilo hupendekeza barafu mpya, angavu, yenye unene wa sentimita 10 kwa mtembea kwa miguu, takriban 25 kwa gari dogo na 33 kwa lori dogo la wastani. Barafu nyeupe huhitaji unene maradufu. Hata hivyo, idara hiyo husisitiza kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Unene hutofautiana kutoka hatua moja hadi nyingine, hivyo hupimwa mara kwa mara, si ufuoni pekee.