Wachaga na Mizani ya Kahawa

Wasikilizaji, jioni hii twapenda kuwapeleka mlimani Kilimanjaro, tuone jinsi wenye mashamba madogo walivyojipatia soko lao.

Mibuni ya kwanza huko ilipandwa na mapadre wa Kilema kabla ya mwaka 1900. Baada ya vita vya 1914–1918, Bwana Charles Dundas, mkuu wa wilaya ya Moshi, akawahimiza Wachaga waipande vihambani mwao, chini ya kivuli cha migomba. Walowezi wa Kizungu hawakupendezwa. Walisema mibuni ya wenyeji italeta magonjwa katika mashamba yao, na kahawa yao itaibwa. Lakini sisi twaona sababu kubwa ilikuwa nyingine: mwenye kahawa yake kihambani haendi kuchuma ya mwenziwe kwa ujira mdogo.

Mwaka 1925 Wachaga wakaunda chama chao cha wakulima, Joseph Merinyo akiwa rais wake. Kilinunua dawa na bomba za kunyunyizia mibuni, kikatetea haki ya mwenyeji kulima kahawa, tena kikauza mazao pamoja. Hapa na tukae kidogo. Mkulima mwenye gunia moja, akienda peke yake kwa mchuuzi, hupokea bei atakayotajiwa. Hajui habari za soko la ng'ambo, wala hana ghala la kungojea siku njema. Gunia lake likiwekwa pamoja na maelfu mengine, mnunuzi ndiye ajaye kuuliza bei. Tena mizani ni ya chama, na kijana asomaye uzito alijifunza hesabu skuli ya mtaa ule ule. (Sisi walimu twajiona kidogo kwa jambo hilo.)

Lakini chama kile kikalemewa na madeni. Tarehe 1 Januari 1933 kikazaliwa kingine, Kilimanjaro Native Co-operative Union, yaani K.N.C.U., chini ya sheria ya ushirika ya 1932. Vyama vidogo vya mitaani vilikusanya kahawa, nacho kikaiuza; meneja wake alikuwa Mwingereza, Bwana Bennett. Kisha ikatoka amri kwamba Mchaga asiuze kahawa yake penginepo. Hapo ndipo lilipokuwa kosa. Bei ilipoanguka, watu wakaona chama kimekuwa mkono wa Serikali na machifu, si mali yao tena. Na mwaka 1937 wakayavamia maghala ya vyama vyao wenyewe.

Hata hivyo K.N.C.U. haikufa. Bei zilipopanda baada ya 1945, fedha za kahawa zilisaidia kujenga skuli nyingi mlimani. Mwaka 1976 Serikali ya Tanzania ikavunja vyama vikuu vyote vya ushirika, na shirika lake likawa mnunuzi wa kahawa. Sheria ya 1982 ikavirudisha, na mwaka 1984 K.N.C.U. ikaanza tena kupima kahawa ya vihamba.