Kipima-Mguso na Ishara Isiyotarajiwa

Mwaka 1972, mhandisi David McMurtry wa Rolls-Royce, Uingereza, alibuni kipima-mguso ili kupima mabomba membamba ya mafuta ya injini za ndege ya Concorde. Kijiti chake hushikiliwa na springi juu ya migusano ya umeme. Kikigusa kitu, mashine hupokea ishara. Wepesi huo ulizaa tatizo: mtikisiko wa mashine iendayo kasi waweza kutoa ishara pasipo mguso. Kuchelewesha ishara ili ithibitishwe hupunguza kosa, lakini huiruhusu mashine kusonga zaidi kabla ya kusimama. Hivyo programu ya LinuxCNC, ipatapo ishara nje ya upimaji, hukatisha mwendo. Funzo la kihistoria ni kwamba ishara isiyotarajiwa haipuuzwi: mashine husimama kwanza, kisha fundi huchunguza.