Kifaransa cha mezani: Mwanafunzi aanze na obokima na chinsaga

MWANAFUNZI anayeanza kujifunza Kifaransa hukutana na somo la vyakula na milo mapema, mara tu baada ya salamu, majina na tarakimu. Vitabu vingi vya somo hilo huandikiwa Ulaya, na mifano yake ni jibini, divai na mikate ya Paris. Kijana wa Kisii au Nyamira anaweza kuikariri yote na bado akakwama anapoulizwa swali jepesi: "Qu'est-ce que tu manges le soir ?", yaani, "Wewe hula nini jioni?"

Swali hilo lina uzito. Kifaransa ni mojawapo ya lugha za kigeni zinazotahiniwa katika KCSE, na mtihani huo una sehemu ya mazungumzo. Nje ya shule, Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, nayo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ikafuata mwaka 2022. Katika nchi zote tatu Kifaransa ni lugha rasmi. Anayekwenda huko kwa biashara au masomo atahitaji kula kabla ya kuhitaji jambo jingine lolote.

Njia iliyo rahisi zaidi ni kuanza na chakula kinachopikwa nyumbani, na kuijongelea lugha hiyo kupitia Kiswahili na Ekegusii badala ya Kiingereza.

Majina ya milo

Staftahi huitwa le petit déjeuner, chamcha ni le déjeuner, na chajio ni le dîner. Kitenzi déjeuner asili yake ni kufungua saumu, maana isiyo mbali na kiamshakinywa. Ubelgiji, iliyotawala Congo, Rwanda na Burundi wakati wa ukoloni, majina hayo husogea hatua moja: déjeuner ni chakula cha asubuhi, dîner ni cha mchana, na souper ni cha jioni. Anayealikwa na Mbelgiji kwa "dîner" na aulize saa.

Njaa na kiu husemwa kama katika Kiswahili. Mswahili husema "nina njaa", na Mfaransa husema "j'ai faim", akitumia kitenzi cha kuwa na kitu. Kiu ni "j'ai soif". Anayetafsiri kutoka Kiingereza hutumia "je suis" na kukosea. Kosa jingine huja baada ya kushiba. "Je suis plein" haina maana ya kushiba. Huweza kueleweka kuwa msemaji amelewa, na umbo lake la kike hutumiwa kwa mnyama mwenye mimba. Kauli salama ni "J'ai bien mangé", nimekula vizuri, au "Je n'ai plus faim", sina njaa tena.

Vyakula vya nyumbani

Wimbi, ambao Abagusii huuita obori, ni l'éleusine kwa Kifaransa. Obokima wa wimbi waweza kuelezwa kuwa la pâte d'éleusine, na ugali wa mahindi la pâte de maïs. Mcongo atamwambia mgeni kuwa anakula le foufou, na wote wawili wataelewana. Maharagwe ni les haricots, viazi vitamu ni les patates douces, kuku ni le poulet, na maziwa ya mgando, amabere amaruranu, ni le lait caillé.

Mboga za majani huhitaji maelezo, kwa kuwa Ufaransa haina mazoea ya kupika chinsaga wala risosa. Majani ya maboga yataitwa les feuilles de courge. Katika visiwa vya Reunion na Mauritius mboga za namna hii hujulikana kama brèdes, na mnavu, yaani rinagu, ni brèdes morelle. Kwa chinsaga, mwanafunzi anaweza kulitaja jina la nyumbani kisha aeleze: "Ce sont des feuilles un peu amères", ni majani machungu kidogo. Kueleza kitu kisicho na jina katika lugha ya mwenzake ni sehemu ya kuijua lugha hiyo.

Parachichi, tunda linalokuzwa kwa wingi Kisii na Nyamira, ni un avocat. Neno hilo hilo lina maana ya wakili. Muktadha ndio unaoamua nani analiwa na nani analipwa.

Du, de la na des

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kifaransa hakikubali kusema "nakula nyama" kwa maneno mawili matupu. Hudai kitangulizi kinachoonyesha kuwa ni sehemu tu ya kitu hicho inayoliwa: du kwa nomino za kiume (du riz), de la kwa nomino za kike (de la viande), de l' mbele ya irabu (de l'eau), na des kwa wingi (des œufs).

Anayezungumza lugha ya Kibantu hapaswi kuogopa. Amezoea tangu utotoni kwamba nomino huwa na kundi lake na maneno mengine huifuata. Kifaransa kina makundi mawili tu, kiume na kike. Dawa ni kujifunza kila nomino pamoja na kitangulizi chake, jinsi mtoto anavyojifunza "maji haya" bila kufundishwa kanuni.

Tahadhari ni kwamba makundi hayo hayalingani. Maji na maziwa huchukua umbo la wingi katika Kiswahili, lakini de l'eau na du lait ni umoja. Mpunga, mchele na wali, vitu vitatu kwa Mswahili, vyote ni le riz.

Kanuni mbili zaidi zatosha kwa anayeanza. Katika kukanusha, vitangulizi hivyo hugeuka de: "Je ne mange pas de viande", sili nyama. Na baada ya kitenzi aimer, kupenda, hutumiwa le, la au les, kwa sababu mtu hupenda kitu chote wala si sehemu yake: "J'aime le thé", lakini "Je bois du thé".

Vitangulizi hivi husikika kwa nguvu kiasi kwamba Wamalagasi walipoyapokea maneno ya Kifaransa walivichukua pamoja na nomino. Chai kwao ni dite, kutokana na du thé, na siagi ni dibera, kutokana na du beurre.

Matamshi

Ekegusii ina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili, kwa kuwa hutenganisha e mbili na o mbili. Kifaransa nacho hutenganisha e ya thé na e ya lait. Mgusii anayesikiliza kwa makini huitambua tofauti hiyo upesi. Vilevile, g ya neno Omogusii, inayotamkwa hewa ikipita polepole nyuma ya kinywa, imekaribia pale inapotolewa r ya Kifaransa.

Sauti ya u katika du na jus ni ngeni katika lugha zote mbili. Hupatikana kwa kutamka "i" huku midomo imeviringwa kama ya kupiga mbinja. Nazo irabu za puani, kama katika pain na viande, hutamkwa bila "n" kusikika mwishoni.

Maneno matatu yachungwe. Poisson ni samaki, lakini poison, yenye s moja inayotamkwa "z", ni sumu. Un œuf, yai moja, husikika na "f", ilhali katika des œufs "f" hiyo hupotea. Des haricots hutamkwa "de ariko", bila kuunganishwa kwa "z".

Vipimo na bei

Katika masoko ya Daraja Mbili mjini Kisii na Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, ndizi huuzwa kwa mkungu au kwa chana. Kifaransa kina maneno hayo. Mkungu ni un régime de bananes, na chana ni une main de bananes, yaani mkono wa ndizi. Baada ya kipimo chochote hufuata de peke yake: un kilo de sucre, une tasse de thé, un verre d'eau.

Swali la bei ni "C'est combien ?" Sabini kwa Mfaransa ni soixante-dix, sitini na kumi, na tisini ni quatre-vingt-dix, ishirini mara nne na kumi. Congo, Rwanda na Burundi hutumia septante na nonante, ambayo ni mepesi zaidi.

Adabu ya mezani

"Je veux", nataka, ni kauli kavu. Anayeomba husema "Je voudrais du thé, s'il vous plaît", sawa na Mswahili anayesema "naomba chai". Mtu mzima au mgeni huitwa vous. Tu ni kwa rafiki na mtoto. Anayeongezewa chakula akajibu "Merci" peke yake huenda sahani ikaondolewa, kwa maana hueleweka mara nyingi kama kukataa. Akitaka zaidi aseme "Oui, volontiers".

Mlo rasmi wa Wafaransa, uliotiwa katika orodha ya turathi ya UNESCO mwaka 2010, huja kwa zamu: entrée ya kufungulia, plat ambacho ndicho chakula chenyewe, jibini, kisha dessert. Mgeni aliyezoea obokima na mboga kuwekwa mezani kwa pamoja asishibe kwa entrée.

Mfano wa jibu

Kwa swali la mwanzo, mwanafunzi anaweza kujibu hivi: "Le matin, je prends du thé au lait et des patates douces. À midi, je mange du maïs et des haricots à l'école. Le soir, nous mangeons de la pâte d'éleusine avec des légumes verts. Je ne mange pas de poisson, mais j'aime beaucoup les avocats."

Maana yake: Asubuhi hunywa chai ya maziwa na kula viazi vitamu. Mchana hula mahindi na maharagwe shuleni. Jioni twala ugali wa wimbi kwa mboga za majani. Sili samaki, lakini napenda sana maparachichi.

Sentensi hizo nne zimebeba du, de la, des, ukanushaji na kitenzi cha kupenda. Abadilishe vyakula kulingana na anachokula kwao, azitamke kwa sauti kila mlo, na katika majuma machache hatahitaji kukariri chakula asichokijua.