Damu ya Mwezi na Historia ya Tiba katika Mbulu na Hanang

Historia ya tiba katika Mbulu na Hanang aghalabu husimuliwa kwa majengo na miaka. Hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na misheni ya Kilutheri kutoka Norwe, ilifunguliwa mwaka 1955, wakati Hanang ilipokuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu. Mkoa wa Manyara, wenye wilaya zote mbili leo, ulikatwa kutoka Arusha mwaka 2002. Lakini ipo habari nyingine isiyosomeka katika mawe ya msingi: jinsi wanawake wa nchi hiyo walivyofundishwa, au walivyoachwa bila kufundishwa, kutambua wakati ambapo damu ya mwezi imekuwa dalili ya maradhi.

Kwa Wairaqw, ambao ndio wengi katika Mbulu, damu ya uzazi haikuwa jambo la mwenyewe peke yake. Zamani mwanamke aliyeharibikiwa mimba alitengwa kwa muda mrefu. Hakuingia nyumba za jirani, wala hakuchangamana na watu kama awali. Kusudi la mwiko huo lilikuwa kuikinga jamii na unajisi. Walakini, si vigumu kuona jinsi mwiko wa namna hiyo unavyofundisha kunyamaza, kwa kuwa damu itokayo wakati usio wake humtia mwenyewe katika hofu ya kutengwa kabla hajaingia hofu ya ugonjwa.

Hospitali na kliniki zilipokuja zilifungua mlango, lakini mlango mpana zaidi ulikuwa wa mja mzito. Katikati ya miaka ya 1990 wachunguzi walipima damu za wajawazito zaidi ya 3,000 waliofika kliniki katika wilaya hizi mbili. Kazi yao ilionyesha jambo la kuzingatiwa. Mtu akaaye juu sana hupata hewa nyembamba, na mwili wake huongeza wekundu wa damu ili kuifidia. Kwa hiyo kipimo kinachomtosha mwanamke wa pwani chaweza kuwa upungufu kwa mwanamke wa nyanda za juu za Mbulu. Asiyekumbuka mwinuko wa nchi atamwita mzima aliye mgonjwa.

Hata hivyo, waliopimwa walikuwa wenye mimba. Binti wa shule, mjane, na mama aliyekwisha kuzaa hawakuwa na siku yao ya kliniki, ingawa nao hupoteza damu. Wahenga walisema, “Mficha uchi hazai.” Methali hiyo imewasaidia wengi kuishinda haya, lakini imetaja uzazi tu, na huduma nazo kwa muda mrefu zilimtazama mwanamke kwa jicho hilohilo. Yafaa kukumbuka kwamba mficha uchi hata asiyetaka kuzaa aweza kufa.

Basi dalili zenyewe ni zipi? Hedhi ipitayo siku saba, au imlazimuyo mwanamke kubadili kitambaa kila saa moja au mbili, au yenye mabonge makubwa ya damu, yastahili kuonyeshwa kwa mganga. Kadhalika damu itokayo kati ya hedhi na hedhi, baada ya kujamiiana, au baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima. Hizi zaweza kuwa dalili za saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake wa Tanzania, ambayo chanjo yake ilianza kutolewa kwa wasichana nchini kote mwaka 2018. Chango nacho kina mpaka wake: maumivu yanayomlaza binti asiende shule, au yanayozidi mwaka hata mwaka, yasihesabiwe kuwa fungu la kila mwanamke, kwani yaweza kutokana na uvimbe wa kizazi au maradhi mengine yatibikayo. Anayehema akipanda mteremko aliouzoea, au anayetamani kula udongo, huenda amepungukiwa na damu kidogo kidogo kwa miezi mingi.

Yapo pia yasiyongoja kesho. Hedhi iliyochelewa, ikifuatwa na maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo na kuzimia, yaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, nayo huua kwa saa chache. Homa pamoja na uchafu wenye harufu mbaya ukeni nayo yahitaji tiba upesi.

Katika nchi ya masafa marefu na njia zinazoharibika wakati wa masika, utambuzi hauwezi kuanzia hospitalini. Hauna budi kuanzia nyumbani, kwa mama, shangazi na mwalimu. Daktari hupima damu iliyofika mbele yake. Ile iliyofichwa haina kipimo, na ndiyo inayochukua watu.