Ushuhuda na Ushahidi: Burudani ya Vijana wa Kiinjili na Taharuki ya Kimaadili nchini Marekani, 1969–1994

Kiswahili kina maneno mawili yaliyotokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini matumizi yameyatenga. Ushahidi hutolewa mahakamani: shahidi huapishwa, huhojiwa na huweza kukanushwa. Ushuhuda hutolewa kanisani: msikilizaji hahoji, bali huitikia "Amina". Makala haya yanarejelea kipindi ambapo mpaka kati ya mambo haya mawili ulififia nchini Marekani. Yanadai kwamba burudani ya vijana ilikuwa miongoni mwa njia zilizoufifisha, na kwamba waliolipa gharama ni watu wasio na hatia.

Katika miaka ya 1960 Wakristo wengi wa kiinjili waliuona muziki wa roki kuwa mlango wa upotovu. Vijana waliookoka, hata hivyo, hawakutaka kuliacha gitaa. Mwaka 1969 Larry Norman alitoa albamu ya Upon This Rock, mojawapo ya albamu za mwanzo kabisa za roki ya Kikristo. Mwaka 1972 mkutano wa Explo '72, ambao Billy Graham alihubiri, ulikusanya watu wapatao 80,000 mjini Dallas na ukahitimishwa kwa tamasha kubwa la muziki. Kufikia miaka ya 1980 soko lilikuwa limekomaa. Albamu ya Amy Grant ya mwaka 1982, Age to Age, iliuza zaidi ya nakala milioni moja, nalo kundi la Stryper likipiga roki nzito huku likiwarushia watazamaji Biblia.

Soko hilo halikuuza nyimbo tu. Liliuza pia kimbilio. Mzazi aliyemnunulia mwanawe kaseti ya Kikristo alikuwa akimwepusha na kaseti nyingine. Kwa hiyo burudani safi na hofu ya burudani chafu zilitegemeana. Dungeons & Dragons, mchezo wa dadu na wahusika wa kubuni uliotolewa mwaka 1974, ulishutumiwa kuwa mafunzo ya uchawi; mwaka 1984 Jack Chick alichapisha kijitabu cha katuni kilichoeneza shutuma hiyo. Wahubiri walizungusha santuri kinyumenyume wakidai kuna ujumbe wa Shetani ndani yake. Wala hofu haikuwa ya makanisa pekee: mwaka 1985 wake za wanasiasa wa Washington walichochea kikao cha Seneti kuhusu maneno ya nyimbo, na kampuni za muziki zikakubali kubandika lebo za tahadhari.

Hapa ndipo ushuhuda ulipogeuka bidhaa. Mwaka 1972 Mike Warnke alichapisha The Satan Seller, kitabu alichodai ndani yake kuwa aliwahi kuwa kuhani wa Shetani huko California mwenye wafuasi 1,500. Baadaye akawa mchekeshaji mashuhuri wa Kikristo, akijaza kumbi na kuuza santuri. Hadhira ilicheka, ikatetemeka, kisha ikaamini. Kuuliza majina na tarehe kungeonekana kuwa ni kuishuku neema iliyomwokoa msemaji. Fani yenyewe ilimkinga asihojiwe.

Madhara yalianza pale simulizi za namna hiyo zilipopokewa nje ya ibada, na polisi, wataalamu wa saikolojia na waandishi wa habari, ambao wengi wao hawakuwa wa kiinjili. Kesi ya shule ya awali ya McMartin, California, ilianza kwa tuhuma za mwaka 1983, ambazo baadaye zilichanganyika na madai ya ibada za kishetani. Ilikwisha mwaka 1990 bila mtu yeyote kutiwa hatiani. Mwaka 1994 vijana watatu wa West Memphis, Arkansas, walihukumiwa kwa mauaji ya watoto, mmoja wao adhabu ya kifo. Mavazi meusi, vitabu na muziki wa roki nzito vilitajwa mahakamani kana kwamba ni ushahidi. Waliachiwa huru mwaka 2011, kwa makubaliano yaliyowaruhusu kushikilia kwamba hawakutenda kosa.

Ni nani aliyesahihisha? Mwaka 1992 Kenneth Lanning wa shirika la upelelezi la FBI alieleza kwamba madai ya mtandao wa mauaji ya kishetani hayakuthibitishwa. Mwaka huohuo, Cornerstone, jarida la jumuiya ya kiinjili ya Chicago, lilichapisha uchunguzi wa kina uliobomoa simulizi ya Warnke kwa kuwahoji watu waliomfahamu ujanani. Waumini wenyewe waliutendea ushuhuda kama ushahidi, nao haukustahimili. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba imani na uchunguzi ni mahasimu.

Eneo letu halina sababu ya kujiona liko mbali na historia hii. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi wa Kenya aliunda tume ya kuchunguza ibada za Shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti yake, iliyotolewa hadharani mwaka 1999, ilibeba simulizi za kafara za watu na miujiza ya kichawi. Hatudai kwamba Kenya iliiga Marekani. Kijitabu cha Mnigeria Emmanuel Eni cha mwaka 1987 kinaonyesha kwamba ushuhuda wa aliyetoka kuzimu ulikuwa tayari umeota mizizi barani Afrika. Tunadai tu kwamba tatizo la kimbinu ni lilelile: simulizi ya wokovu kupewa hadhi ya hati ya serikali.

Kwa washauri wa sera, funzo ni la kiutendaji. Malalamiko yanapoletwa kuhusu wimbo, mchezo au filamu ya vijana, anayepokea simulizi aulize kwanza ni ya aina gani: inaomba kuaminiwa, au inakubali kupimwa? Ushuhuda una mahali pake pa heshima. Mahali hapo si kwenye hati ya mashtaka.