Kayamba Mlangoni mwa Kanisa

Hapa Mwabungo, kwenye nchi ya Wadigo, wengi ni Waislamu na adhana ndiyo saa yetu. Nyimbo za Kiprotestanti zilianzia upande wa pili wa Mombasa: Rabai, alikohamia mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1846, na Ribe, alikoanza kazi Mmethodisti Thomas Wakefield mwaka 1862.

Makanisa ya wamisionari hao yalikuja na ugomvi wa zamani wa waanzilishi wa Uprotestanti kuhusu muziki ibadani. Martin Luther alitaka waumini wote waimbe, kwa lugha yao. Ulrich Zwingli wa Zürich, mwanamuziki hodari (ajabu hiyo!), aliuondoa muziki ibadani, kinanda cha kanisa la Grossmünster kikavunjwa mwaka 1527. Calvin aliruhusu zaburi, bila ala.

Huku pwani ugomvi ulihamia kwenye ngoma na kayamba. Itazame hii: mabua membamba yameshonwa ubavu kwa ubavu, pande mbili, na katikati mna mbegu kavu. Mpigaji huishika kwa mikono miwili na kuiyumbisha. Mbegu hukimbia kama mvua juu ya makuti. Wamisionari wengi walisikia humo uganga tu. Hawakubuni: kayamba hupigwa pia wakati wa kupunga pepo. Lakini hupigwa harusini vilevile, na hilo hawakulitilia maanani.

Siku hizi kwaya nyingi za pwani huingia nayo kanisani, na anayeipiga husimama kando ya kinanda cha umeme.