Mazungumzo ya Waandishi wa Afrika Redioni: Fedha na Lugha

Mwaka 1962 Dennis Duerden aliongoza kuanzishwa kwa Transcription Centre mjini London, irekodi mazungumzo na waandishi wa Afrika na kuvipelekea kanda vituo vya redio barani. Mwaka 1967 ilibainika kwamba Congress for Cultural Freedom, mfadhili wake wa awali, ilikuwa ikipewa fedha na CIA. Hapo mazungumzo yenyewe yakawa na kila sababu ya kutiliwa shaka. Lakini wahoji kama Lewis Nkosi na Robert Serumaga walikuwa waandishi, si makarani wa mfadhili. Lililo zito zaidi ni lugha. Okot p'Bitek, aliyemtunga Lawino kwanza kwa Kiacholi, alihojiwa kwa Kiingereza, na hivyo ndivyo alivyochapwa katika African Writers Talking, mwaka 1972.